Kozi 11, hakuna iliyoisha: nianzie wapi kwenye uhandisi wa programu?

Swali lilivyokuja: "Shikamoo dada. Niko mwaka wa pili, nasomea uhandisi wa programu. Napenda akili mnemba, napenda gemu, usalama wa mitandao unanivutia, na aplikesheni za simu pia. Lengo langu ndani ya miaka 5 niwe injinia mkubwa. Tatizo nimeanza kozi 11 za mtandaoni sijamaliza hata moja, na nikifunga vidio nikafungua faili tupu sijui niandike nini. Nichague kipi, nianze na lugha gani, na hivi hii akili mnemba itatubakishia kazi kweli? Halafu laptopu yangu ina RAM ya GB 4 tu."

Marahaba mdogo wangu. Nimekusoma mara mbili, na mara ya pili nikaruka yote ya mwanzo nikasimama kwenye ile faili tupu, maana hapo ndo ulipo ugonjwa, hayo mengine yote ni dalili. Ila nitaanza na unavyovipenda kwa sababu ndivyo ulivyoanza navyo, halafu tutarudi.

Ngoja nikuulize. Ukisema unapenda gemu, unapenda kuzicheza au unapenda kukaa siku tatu unatafuta kwa nini mhusika wako akikimbia kasi anapenya ukuta? Maana kazi yenyewe ndo hiyo. Gemu ikichora picha 60 kwa sekunde, kila picha una milisekunde 16 na kitu za kumaliza hesabu zote, sasa mhusika akiwa anakwenda kasi sana, kwenye picha hii yuko upande huu wa ukuta na kwenye picha inayofuata kashafika upande wa pili, hakuna picha hata moja ambayo kompyuta ilimkuta amegusa ukuta, kwa hiyo kwake ukuta haukuwepo. Kama umesoma hapo ukajikuta unawaza "aa, basi tupime njia nzima aliyopita, tusiangalie tu pale alipofikia", we ni mtu wa gemu, kaa huko. Kama umesoma ukaona usumbufu mtupu, basi we ni mchezaji, na wala sio vibaya, wachezaji ndo wanaowalipa wanaotengeneza.

Akili mnemba hivyohivyo. Watu wanaiona ikishajibu, pale mwisho kabisa pakiwa pazuri. Siku nyingi za kazi ile zinakwenda kwenye data: mistari ina nafasi tupu, tarehe huyu kaandika siku kwanza yule kaandika mwezi kwanza, picha ya paka imebandikwa lebo ya mbwa, halafu chini yake kuna hesabu za matrisi, probabiliti na kalkulasi ambazo hazikwepeki. Usalama ni kusoma: kusoma kodi ya mtu mwingine, kusoma logi (zile rekodi za kila kilichotokea kwenye mfumo) ndefu mpaka macho yanawasha, kuielewa itifaki (kanuni za kompyuta kuzungumza) pengine kuliko aliyeiandika. Sinema za mtu aliyevaa kofia gizani zimewadanganya wengi. Na simu ni mtandao unaokatika katikati ya malipo, na mtumiaji aliyejaza fomu yote kisha akaigeuza simu ilale, kila alichoandika kikapotea kwa sababu hukukihifadhi.

(Nikisema kodi hapa namaanisha ile tunayoandika, sio ya pango. Msimbo ni neno zuri ila ofisini sijasikia mtu akilitamka.)

Kwa hiyo kipimo changu cha unachokipenda ni kero gani unaivumilia bila kulazimishwa, matokeo mazuri kila mtu anayapenda. Mimi huku niliingizwa na gemu. Nikatengeneza moja ya kubahatisha maneno, mbovu kweli, na nilichogundua ni kwamba sehemu iliyonikalisha macho mpaka usiku wa manane haikuwa mchezo wenyewe, ilikuwa ile ya kuhifadhi alama, zisipotee mtu akizima ghafla, wawili wakilingana nani akae juu, aliyejisajili mara mbili alama zake tuziunganishe vipi. Gemu sijaimaliza mpaka leo. Databesi, yaani hizo ghala za kuhifadhi data, ndo zimenilisha miaka yote hii. Wakati ule hakuna ambaye angeniambia "we unapenda databesi" nikamwelewa, nilikuwa hata sijui kwamba mtu anaweza kuzipenda.

Maana yake ni kwamba swali la "nichague kipi" huwezi kulijibu ukiwa umekaa. Huna taarifa bado, na mimi nikikuchagulia nitakuwa nimekupa yangu.

Sasa turudi kwenye faili tupu. Unajua kwa nini kozi 11 hazijakusaidia? Kwenye vidio yule mwalimu kashaamua kila kitu kabla hajawasha kamera. Faili ziwe ngapi, kigeu (jina linaloshika data) kiitwe nani, data ikae wapi, kosa likitokea tufanye nini, yote kashayapigania yeye kabla, wewe unachofanya ni kunakili, vidole vinafanya mazoezi kichwa kimelala. Ukija peke yako maamuzi yote yanakungoja wewe kwa pamoja, lazima ugande. Sio kwamba huna akili ya programu, hujawahi kuamua tu. Kamata ile kozi moja uliyofika mbali zaidi, zile 10 zifunge, na hata hiyo moja uitumie kama kamusi, unaifungua ukikwama.

Na hapa niseme kidogo kuhusu jina la unachosomea, maana wengi wanamaliza chuo hawajalifikiria. Hilo jina la uhandisi wa programu lilipata nguvu kwenye mkutano wa NATO pale Garmisch, Ujerumani, Oktoba 1968. Watu walikutana kwa sababu programu zilikuwa zinachelewa, zinakula bajeti, na zikifika haziaminiki. Ni 1968 hiyo, na malalamiko ni haya haya ya leo. Kuandika kodi watu walikuwa wanajua tayari. Kilichowashinda ni programu kubwa, yenye watu wengi, inayoishi miaka, na dunia inabadilika huku nyuma.

Mfano ambao huwa nawapa wanafunzi ni roketi ya Ariane 5. Tarehe 4 Juni 1996 ilirushwa kwa mara ya kwanza, na sekunde kama 37 baadaye mfumo wake wa kujua iko wapi na inaelekea wapi ukazimika, roketi ikapinda, ikasambaratika hewani. Kosa lenyewe: namba ya kasi ya mlalo iliyohifadhiwa kwa biti 64 ilikuwa inahamishiwa kwenye nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Ikazidi, ikashindwa kuingia. Ila usiishie hapo, sehemu tamu inafuata. Kodi ile ilitoka kwenye Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri tu kwa sababu Ariane 4 haikuwa inafika kasi ile ya mlalo mapema hivyo baada ya kuruka. Hakuna aliyeandika upumbavu siku ile, kodi ilikuwa ileile, kilichobadilika ni roketi. Na sehemu ile ya programu baada ya kuruka wala Ariane 5 haikuwa inaihitaji tena, iliachwa tu inaendelea kufanya kazi kwa mazoea. Basi somo lako lote la miaka minne liko hapo: kodi iliyo sahihi leo inakuwaje kesho mambo yakibadilika, na wewe utajuaje kabla ya roketi.

Hilo huwezi kulijifunza kwa kitu unachokiandika Jumamosi na kukitupa Jumapili. Unahitaji kitu kinachoishi. Nakupendekezea kimoja cha kawaida kabisa, kinaonekana cha kitoto: daftari la kuazimana vitabu na noti darasani kwenu. Nani kachukua nini, lini, arudishe lini. Toleo la kwanza ni mistari 50 hivi, linakaa kwenye laptopu yako, data kwenye SQLite, databesi ambayo ni faili moja tu, haina seva wala nywila. Usipambe. Ukilimaliza, wape watu watano walitumie kweli, na wawili kati yao wasiwe marafiki zako, maana rafiki akikuta kosa anakuhurumia.

Halafu subiri mambo. Wiki ya kwanza utagundua darasani kuna wawili wenye jina moja na programu yako imemwandikia mmoja deni la mwenzake, ndo utaelewa kwa nini kila mtu anapewa namba yake. Mtu ataazima tarehe 31 Januari na wewe uliandika "rudisha baada ya mwezi mmoja", haya, 31 Februari ni lini? Python, lugha nitakayokupendekezea huko mbele, itakukatalia, na italazimu uamue wewe, mwisho wa mwezi au siku 30, na ukiamua uandike mahali kwa nini, maana baada ya miezi mitatu utasahau.

Hili linalofuata nataka ulitazame kwa karibu, kwa sababu ndo hapo niliona mtu anageuka kutoka kuandika kodi kwenda kwenye uhandisi. Umeiweka programu mtandaoni sasa, kitabu kimebaki nakala moja, watu wawili wanabonyeza "azima" kwa wakati mmoja. Kodi yako inasema: soma zilizobaki, kama ni zaidi ya sifuri toa moja, kisha mwambie "umepata". Ombi la kwanza linasoma, linakuta 1. Kabla halijatoa, ombi la pili nalo linasoma, linakuta 1 vilevile. Yote mawili yanatoa. Wote wawili wameambiwa wamepata, kitabu ni kimoja. Na ukijaribu peke yako kwenye laptopu halitokei hata ubonyeze mara mia, kwa sababu uko peke yako. Utakaa pale unaapa kwamba kodi iko sawa, na kila mstari ukiusoma uko sawa kweli, kosa liko katikati ya mistari. Dawa yake ni kuacha kusoma kwanza na kuamua baadaye, unaiambia databesi kwa amri moja: punguza moja kwenye kitabu hiki ikiwa zilizobaki ni zaidi ya sifuri, kisha unauliza ni mistari mingapi imebadilika. Ikiwa ni mmoja, kapata. Ikiwa ni sifuri, mwenzake kamuwahi. Sasa badilisha neno kitabu uweke kiti cha ndege, au salio la mtu, uone.

Na makosa utayafanya, tena ya aibu. Mimi mwaka wangu wa kwanza kazini, sehemu ambayo sitaitaja, niliambiwa nirekebishe barua pepe ya mteja mmoja. Nikaandika amri ya kubadilisha, nikasahau ile sehemu ya WHERE inayosema ni mteja yupi, nikabonyeza enta. Ile sekunde ya kuona jibu, badala ya mstari mmoja umebadilika, naona maelfu, tumbo likashuka mpaka kwenye viatu. Kila mteja kawa na barua pepe ya mtu mmoja. Nakala ya akiba ilikuwepo, ya jana yake usiku, tukairudisha, na waliojisajili asubuhi ile tukawatafuta mmoja mmoja kwenye logi. Tangu siku ile naanza na SELECT kuhesabu mistari nitakayoigusa, nafungua muamala (mabadiliko hayakai mpaka niyakubali), nabadilisha, nahesabu tena, ndo nakubali. Mikono yenyewe inafanya bila kuiambia. Hakuna kozi iliyonifundisha hivyo, ingawa nina hakika zote zilisema.

Kwa hiyo Git, programu ya kutunza historia ya kila badiliko la kodi, uanze nayo siku ya kwanza kwenye hilo daftari lako, hata ukiwa peke yako. Linus Torvalds aliianzisha 2005 kwa ajili ya Linux, mradi wenye watu wengi mno, ila wewe ianze kwa sababu ya wewe wa mwezi ujao, ambaye ni mtu mwingine kabisa na hakumbuki kitu. Na ujumbe wa kila badiliko useme kwa nini. "Nimerekebisha" haisemi kitu. "Tarehe ya kurudisha ikizidi mwisho wa mwezi inarudi siku ya mwisho" hiyo inasema.

Lugha nitapita haraka maana watu wamelipa swali hili uzito lisilostahili. Python au JavaScript, moja, mwaka mzima. Mi ningekupa Python kwa sababu inakuruhusu kugusa vitu vyako vyote vinne kidogokidogo. Ukiizoea moja vizuri ya pili utaichukua kwa wiki chache, kwa sababu lupu (kodi ya kurudiarudia kitu) ni lupu popote. Kitu kimoja tu, jifunze kusoma meseji za makosa, sijui nani aliwatisha na rangi nyekundu. Ya Python anza chini, mstari wa mwisho kabisa ndo unakwambia kosa ni nini, ule wa juu yake unakuonyesha ni mstari gani, halafu unapanda ukifuata nani alimwita nani. Nimekaa na wanafunzi ambao jibu lilikuwa limeandikwa mbele yao kwa maneno mepesi kabisa na wao wameshainakili meseji yote kwenda kuuliza mtu.

Ambalo linanipeleka kwa akili mnemba. Unauliza itatubakishia kazi. Inaandika kodi, ndiyo, na naitumia kila siku, sitakudanganya. Ila kumbuka programu ya kuazima: kila mstari ulikuwa sawa. Kuna kisa kingine nakipenda zaidi. Kutafuta kwenye orodha iliyopangwa kwa kuigawa katikati, wanafundisha muhula wa kwanza, mistari kumi na kitu, na maktaba ya lugha ya Java yenyewe (kodi zilizo tayari zinazokuja na lugha) ilikuwa nayo, imeandikwa na watu wanaojua, inatumika dunia nzima kwa miaka. Mwaka 2006 Joshua Bloch, ambaye ndiye aliyeiandika, akaeleza kwamba ina kosa: ili kupata katikati unajumlisha mwanzo na mwisho kisha unagawa kwa mbili, na orodha ikiwa na vitu kama bilioni moja na zaidi, jumla inapita 2,147,483,647, namba inageuka kuwa hasi, programu inaanguka. Dawa ni kuchukua mwanzo ukaongeza nusu ya tofauti. Wamesoma wangapi mistari ile wakaona iko sawa? Kwa hiyo kodi inayoonekana sawa siku hizi ipo nyingi na ya bure, anayetafutwa ni wa kusema "hapa patatuumiza" na akaeleza kwa nini. Huyo hawi kwa kuandikiwa. Wewe sasa hivi andika kwanza mwenyewe, vibaya vilevile, kisha mpe hiyo mashine aikosoe na ubishane naye. Na mstari ambao huwezi kumweleza mwenzako kwa mdomo usiuingize. Ukianza kwa kumwomba aandike, utarudi palepale kwenye vidio, kaamua mwingine, na safari hii huyo mwingine hata hakumbuki kwa nini aliamua hivyo.

"Injinia mkubwa ndani ya miaka 5" nimeiacha mwisho kwa sababu sina la kuifanyia. Cheo anakupa mwingine, kila sehemu na vipimo vyake, nimeona watu wana cheo hicho na hawawezi kuachiwa seva usiku mmoja. Lengo lifupishe mpaka liwe kitu unachoweza kukikagua wewe. Mwisho wa muhula huu watu watano wanatumia daftari langu na sijawahi kupoteza rekodi hata moja. Muhula ujao mtu mwingine kaongeza kitu kwenye kodi yangu bila kunipigia simu kuuliza. Baada ya hapo nimerekebisha kosa dogo kwenye mradi wa watu wengine ambao kodi yake iko wazi kwa kila mtu, likakubaliwa, au likakataliwa nikaelewa kwa nini. Kati ya hayo ndo utajiona unang'ang'ania kona gani, skrini, data, kasi, au kutafuta mianya ya kuingilia, na swali lako la nichague kipi litakuwa limejijibu lenyewe, pengine kwa kitu ambacho hakimo kwenye ile orodha yako.

Laptopu: GB 4 zinatosha kwa haya yote. Python, SQLite, Git na kihariri chepesi havitaisumbua, ila usifungue tabo 30 za kivinjari kwa wakati mmoja. Kitakachokushinda ni ile simu ya kuigiza ya kujaribia aplikesheni za Android, hiyo itaigandisha mashine. Ukifika huko chomeka simu yako halisi kwa waya, washa chaguo za developa kwenye mipangilio, ujaribie humo humo. Daftari likishapata watumiaji watano niandikie lalamiko la kwanza walilokuletea, neno kwa neno kama walivyolisema, usilitafsiri, tuanzie hapo.